Kamera ya Chama: Tununue au Tusinunue?

Swali hili lilitumalizia mikutano mitatu, na mwalimu wetu mmoja alituuliza kwa utani kama chama kinanunua kamera au meli. Pauni 140 zilizokuwa kwenye kisanduku zilitokana na mandazi, kachori na chai ya tangawizi tulivyouza mwezi wa Oktoba siku ya maonyesho ya tamaduni, na kila aliyeungua kidole kwa mafuta siku ile alijiona ana haki ya kusema fedha ziende wapi. Baadhi yenu hamkuwapo mikutanoni lakini mmekuwa mkituuliza njiani na kantini. Basi tunaeleza hapa, mwanzo hadi mwisho.

Mwanzo wake ni simu tuliyopigiwa mwezi wa Juni.

Mtakumbuka kwamba Februari mwaka jana bibi yake mwenzetu mmoja alikuja kuzungumza nasi juu ya harusi za Unguja za ujana wake: singo, hina, somo na yale anayomfunda mwari, na nani hukaa wapi siku ya kumtoa bibi harusi nje. Alizungumza saa moja na robo bila karatasi. Kuelekea mwisho alitoa bahasha mkobani, na ndani ya bahasha picha ndogo, nyeusi na nyeupe, aliyopiga studio pamoja na dada yake wiki moja kabla ya harusi. Akaiinua tuione. Akatutajia jina la studio, na mwaka, na jina la jirani aliyemwazima saa ya mkononi aliyoivaa pichani, maana haikuwa yake. Tulicheka sana. Simu zaidi ya kumi zilikuwa zimeinuliwa juu.

Bibi alifariki mwezi wa Mei. Mwezi uliofuata binti yake, ambaye wengi wetu tunamwita Shangazi, alimpigia simu katibu wetu. Baada ya salamu ndefu akasema, "Wanangu, mna picha ya Mama ya siku ile? Alirudi nyumbani amefurahi, nikasema bila shaka hawa watoto wamempiga."

Katibu alijibu kwamba zipo nyingi. Hakudanganya, ndivyo sote tulivyodhani.

Tulitafuta wiki nzima. Mmoja alikuwa amebadilisha simu wakati wa kiangazi na picha hazikuhamia kwenye simu mpya. Mwingine simu yake ilianguka mtoni. Wawili walikuwa wameshahitimu. Mmoja alijibu, mmoja hakujibu. Picha zilizobaki zilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na WhatsApp ikishapitisha picha kwa njia ya kawaida huipunguza, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kivuli cha kile kilichopigwa. Kwa jumla tulikusanya picha 23. Katika picha 23, uso wa Bibi ulionekana vizuri kwenye mbili, na katika mojawapo amefumba macho. Ile ya kuinua picha ya studio tulikuwa nayo mara tano, na mara zote tano mkononi mwake kuna kipande cheupe kinachong'aa. Jina la studio hakuna aliyeliandika, wala mwaka. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, akishughulika na sufuria ya pilau.

Tulimpelekea Shangazi ile moja iliyofaa. Alishukuru. Hakuuliza ziko wapi nyingine, na afadhali angeuliza.

Ndiyo maana Oktoba, fedha zilipopatikana, mwenzetu aliposema "tununue kamera ya chama" hakuna aliyeuliza kwa nini. Ubishi ulikuwa juu ya kamera gani, na kama kamera ndiyo dawa.

Mweka hazina alipinga tangu mwanzo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: pauni 140 ni nauli za wazee. Wazee tunaowaalika wanatoka kila pembe ya London na wengine nje ya London, na mzee asiyeletwa kwa gari haji. "Mtakuwa na kamera nzuri," alisema, "na kiti kitupu cha kupiga picha." Mwenzetu ambaye wazazi wake wanatoka Bukavu, na ambaye mpaka leo anasema foto tunaposema picha, aliongeza kwamba kila mtu humu ndani ana simu yenye kamera bora kuliko hicho kitu tutakachonunua. Je, tunanunua kwa kuwa tunaona haya tu?

Hilo la simu lilistahili jibu, kwa hiyo tukaenda kusoma.

Kamera ndogo za mfukoni zilikuwa biashara kubwa mno. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 kamera za dijitali za kila aina zilizosafirishwa viwandani zilizidi milioni 120, na nyingi kati ya hizo zilikuwa hizi ndogo za bei nafuu. Mwaka 2023 kamera zote kwa pamoja hazikufika milioni 8. Simu ndizo zilizolimaliza soko hilo. Kampuni nyingi ziliacha kutengeneza zile za bei ya chini, zikabaki na za bei ya juu. Halafu, kama mnavyoona kwenye karamu za wanafunzi, watu wa umri wetu wakaanza kuzitafuta tena zile za zamani kwa ajili ya ile rangi yake na flashi yake, bei za mitumba zikapanda, na mwaka 2025 Canon ikairudisha sokoni kamera yake moja ndogo ya mwaka 2016 ikiwa na mabadiliko machache tu. Sisi hatukutaka kuingia kwenye mtindo huo. Rangi ya zamani inapendeza kwenye picha za karamu. Bibi tulimtaka kwa rangi yake.

Tulichojifunza juu ya zumu ndicho kilichotusaidia kuliko vyote, na tunakieleza kwa sababu matangazo yamejaa ujanja.

Kuna kuvuta kwa lenzi na kuna kuvuta kwa dijitali. Kuvuta kwa lenzi ni vioo vinavyosogea ndani ya kamera, kwa hiyo kitu cha mbali kinakuja karibu na uzuri wake wote. Kuvuta kwa dijitali ni kukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua, kama mtu anayenyosha unga wa chapati mpaka utoboke. Unaweza kulifanya hilo mwenyewe baadaye kwenye kompyuta, bure. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshanunua kamera ya pauni 40 mtandaoni, isiyo na jina la kueleweka, iliyoandikwa kwenye boksi megapikseli 48 na zumu mara 16. Zumu yote ilikuwa ya dijitali. Lenzi haikusogea hata unywele, na hizo megapikseli 48 zilikuwa picha ndogo iliyotanuliwa na programu ya ndani. Rahisi ghali. Sasa mdogo wake anaichezea.

Halafu ile namba ya zumu yenyewe. Watu husema mara 30 kana kwamba kamera inaona mara 30 kuliko jicho. Ni uwiano tu: urefu wa lenzi ikivutwa mwisho, ukigawanywa kwa urefu wake ikiwa haijavutwa. Lenzi inayoanzia milimita 24 na kuishia 240 ni mara 10. Inayoanzia 24 na kuishia 720 ni mara 30. Tulipoelewa hivyo tulichukua futi ya fundi, tukaenda kwenye ule ukumbi, tukapima kutoka safu ya mwisho hadi kilipokuwa kiti cha Bibi. Mita 12. Kwa umbali huo lenzi ya milimita 24 inachukua upana wa mita 17 hivi, yaani ukumbi mzima na milango yake, na mzungumzaji ni kidoa katikati. Simu zetu nyingi zilikuwa hapo hapo, na ndiyo maana Bibi alitoka kama alivyotoka. Kwa milimita 240 upana unashuka hadi mita 1.7, unampata mtu na kiti chake na mikono yake ikicheza. Kwa 720 unapata nusu mita na kidogo: uso peke yake.

Kwa hesabu hiyo tulirukwa na akili kidogo. Wote tukaitaka mara 30.

Bahati nzuri tulijaribu kabla ya kununua. Tuliazima kamera tatu. Moja ilikuwa kijikamera cha mjomba wa mwenzetu kilichokaa droo miaka mingi. Ya pili ilikuwa Kodak PIXPRO FZ55, ambayo ni katika zile chache za bei nafuu zinazouzwa mpya, yenye zumu ya lenzi mara 5. Jina ni Kodak, lakini hutengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa leseni ya jina hilo. Si kosa, ila si vibaya mnunuzi kujua. Ya tatu ilikuwa Panasonic Lumix TZ70 ya mwaka 2015, mara 30, megapikseli 12. Tukaongeza simu tatu za wanachama, mojawapo mpya na ya bei ambayo hatutaitaja kwa heshima ya mwenyewe. Tukaenda ukumbini mwezi wa Desemba, wakati jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, tukawasha zile taa za dari zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa, tukamkalisha katibu kwenye kiti na kumwambia aseme na atumie mikono kama Bibi.

Kijikamera cha droo hakikuwaka. Betri ilikuwa imevimba. Hata kama ingewaka, kadi yake ni ya aina ya xD, ambayo Olympus na Fujifilm waliitumia na kuiacha zamani, na kupata msomaji wa kadi hiyo leo ni safari nyingine. Somo hilo lilitugharimu dakika tano na likatuokolea fedha: kabla ya kununua kamera kuukuu uliza kwanza betri na kadi. Hata zile za SD si zote sawa. Kamera za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 2, na kadi zinazouzwa madukani leo ni kubwa mara nyingi zaidi.

TZ70 kutoka safu ya mwisho ilimvuta katibu mpaka tukahesabu nywele za nyusi zake, lakini picha nyingi zilitoka na ukungu. Ukivuta mpaka mwisho, tundu la lenzi linapungua. Kwa kamera hii kutoka f/3.3 hadi f/6.4, yaani mwanga unaoingia unakuwa karibu robo ya ule wa mwanzo. Na kihisi cha ndani, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo sana, milimita 6 kwa 4 na ushei. Kamera ikikosa mwanga ina njia mbili: iache mlango wake wazi kwa muda mrefu zaidi, na mikono ya mzungumzaji itoke kama moshi, au iongeze ukali wa kihisi, na uso utoke na chenga kama ugali usiosongwa. Kamera ilitufanyia yote mawili. Kile kifaa cha kutuliza mtikisiko kinasaidia mkono wa mpiga picha kutetemeka. Mkono wa katibu hakiwezi kuutuliza.

Simu ile ya bei kubwa ilishinda kwa picha ya ukumbi mzima, tena kwa mbali. Inapiga picha nyingi kwa mpigo mmoja na kuziunganisha, giza likawa mchana. Mwenzetu wa foto alifurahi, na tulimwacha afurahi. Tulipotaka uso kutoka mita 12, simu mbili kati ya tatu zilitupa sura iliyopakwa rangi ya maji. Ya tatu, ile ya bei kubwa, ilitoa uso mzuri. Lakini mwenye nayo anahitimu mwezi wa Julai, na simu itahitimu naye.

Mtu aliyemaliza ubishi wa mita 12 ni mwanachama wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kusema mkutanoni. Aliuliza, "Kwa nini mpiga picha akae nyuma?"

Tulitazamana. Jibu la kweli ni adabu. Siku ya Bibi hakuna kijana aliyethubutu kusimama mbele ya wazee na kuwaziba, wala kupita kati ya msemaji na wasikilizaji huku ameinua simu. Tumelelewa hivyo, na hatusemi tulilelewa vibaya. Lakini mwenzetu alikuwa na maana nyingine: kiti kimoja pembeni, mbele, kilichowekwa mapema, na mzee akaambiwa kabla hajaanza kwamba yule pale ndiye atakayepiga picha na hakuna mwingine. Tuliweka kiti mita 5 kutoka kwa katibu, upande wa dirisha. Kwa umbali huo ule upana wa mita 1.7 unahitaji milimita 100 tu, zumu ya mara 4 hivi. Lenzi haikuvutwa sana, mwanga uliingia wa kutosha zaidi, na mikono ya katibu ikatoka na vidole vyote vitano.

Kwa hiyo kiti, ambacho hakina bei, kilitufanyia kazi kuliko zumu ya mara 30. Kodak ya mara 5 ingetosha. Hata simu ya kawaida, kwenye kiti hicho, ilitoa picha isiyo mbaya. Mweka hazina alikunja daftari lake akasema, "Basi tumemaliza."

Hatukuwa tumemaliza. Mwenzetu mmoja, mjukuu wa Bibi mwenyewe, alitukumbusha jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumelisahau. Katikati ya mazungumzo yale ya Februari Bibi alinyamaza, akamwangalia kijana mmoja safu ya pili aliyekuwa ameshika simu kifuani, akamwuliza, "Mwanangu, hiyo simu unanipiga picha au unasoma barua zako?" Ukumbi ulicheka. Kijana alikuwa anapiga picha kwa kweli. Lakini Bibi hakuwa na njia ya kujua, na mjukuu wake anasema alilizungumzia hilo garini njia nzima. Mtu wa kizazi chake alizoea kwenda studio. Unavaa, unajipamba, unaazima saa kwa jirani, unakaa, mpiga picha anainamia kamera, na wewe unajua sasa. Mjini Unguja Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na familia nyingi zenye asili ya huko, pamoja na zetu baadhi, zina picha zenye mhuri wake. Mtu aliyepigwa picha hivyo simu inayoinuliwa ghafla haimwambii chochote.

Hapo TZ70 ilirudi mezani, si kwa zumu yake bali kwa kitundu chake cha kuchungulia. Ni kidogo, na picha inayoonekana ndani yake si ya kusifiwa, lakini mpiga picha anaiweka kamera jichoni. Kila mtu ukumbini anajua anafanya nini. Tena kamera iliyoegemea paji la uso haitikisiki kama inayoshikwa mikono imenyooka. Kodak haina kitundu hicho. Megapikseli 12 hazikutusumbua. Kuchapisha ukurasa mzima wa A4 kwa ubora wa gazeti hili kunahitaji chini ya 9.

Na kuna suala la kadi. Hili ndilo lililowageuza wawili waliokuwa upande wa mweka hazina. Picha iliyoko kwenye simu ni ya mwenye simu. Atakuwa na nia njema, atasema atazituma, kisha mitihani, kisha kazi, kisha simu mpya. Kadi iliyoko kwenye kamera ya chama ni ya chama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha za Februari zilipotea hasa kwa sababu hazikuwa mali ya yeyote.

Tulipiga kura. Tisa walikubali, wanne walikataa, na tuliafikiana masharti ambayo wale wanne ndio walioyadai. Bei isizidi pauni 100. Zilizobaki ziwe nauli za wazee na zisiguswe kwa kitu kingine. Inunuliwe kwenye duka, isinunuliwe kwa mtu binafsi, kwa sababu hapa Uingereza Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kupewa fedha zake zote, hata kama kitu chenyewe kilishatumika, mradi aliyemwuzia ni mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi ulinzi huo huna.

Januari tulipata TZ70 iliyotumika kwa pauni 95, na kadi ya SD tukaipata kwa mwanachama. Kona moja imechubuka. Betri inadumu nusu ya siku, si zaidi, hivyo huchajiwa usiku wa kuamkia shughuli. Inakaa kwenye kabati la ofisi ya mwalimu wetu wa fasihi pamoja na daftari: anayechukua anaandika jina, tarehe na shughuli, anayerudisha anaandika ni picha ngapi na amezihifadhi wapi. Kila picha ya mzee huhifadhiwa sehemu mbili kabla kadi haijafutwa, na kando ya picha huandikwa yale aliyoyasema juu yake, siku hiyo hiyo. Atakayetaka kutuma kwa WhatsApp atume kama faili, si kama picha, isipunguzwe.

Kazi ya kwanza ya kamera haikuwa shughuli ya chama. Tulimwomba Shangazi ruhusa ya kwenda kumwamkia na kuipiga ile picha ya studio, kama ingali ipo. Alisema ipo na tuje Jumapili baada ya adhuhuri, tusile kwanza.

Tulikwenda watatu na mjukuu. Baada ya wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na maswali mengi juu ya masomo yetu ambayo hatutayaeleza hapa, Shangazi alitoa bahasha ile ile. Tuliilaza picha juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, tukazima flashi kwa sababu uso wake ni wa kung'aa. Mara ya kwanza tuliisogelea kabisa na kamera haijavutwa. Kivuli cha kamera kikaangukia picha, na kingo zake zikapinda kama mgongo wa mtumbwi. Lenzi ikiwa pana na karibu hivyo hufanya hivyo. Mjukuu akasema turudi nyuma tuvute. Tukarudi karibu mita 2, tukaiegemeza kamera kwenye rundo la vitabu juu ya kiti, picha tukaisimamisha ielekeane nayo, tukavuta mpaka ikajaa, tukaweka kile kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Kingo zikanyooka. Ile zumu ya mara 30 tuliyoibishania wiki nzima, na ambayo ukumbini hatuihitaji, ilipata kazi yake sebuleni, kwa kitu kisichosogea chenye mwanga wa dirisha.

Kwenye kioo cha kamera tuliikuza. Wasichana wawili, mmoja ameketi, mmoja amesimama na mkono begani mwa mwenzake. Nyuma yao pazia lililochorwa nguzo. Saa ya kuazima inaonekana, na mishale yake: saa nne kasoro.

Tuliigeuza nyuma. Kulikuwa na mhuri, lakini gundi ya albamu ilikuwa imeondoka na sehemu kubwa yake. Limebaki neno Zanzibar na kipande cha herufi. Mwaka haukuandikwa. Shangazi alifikiri sana, akasema Mama alikuwa akiutaja, ila yeye alikuwa hasikilizi, maana aliusikia mara nyingi mno. Tulipiga na huo upande wa nyuma.

Alitaka nakala mbili za karatasi, za kushikika, si za simu: moja yake na moja ya mdogo wake aliyeko Muscat. Tulizichapisha dukani kesho yake, na mjukuu akampelekea. Tulimwomba pia ruhusa ya kuichapisha picha hiyo kwenye ukurasa huu. Alitushukuru kwa kuuliza, akasema hapana, na kwa hiyo haimo.